Dakika mbili za mwandishi wenu

Ndugu Mhariri,

Nawasoma tangu nilipokuwa mwalimu Tanga, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini ile makala ya wiki iliyopita kuhusu kuazima vitabu pepe vya maktaba, eti kisomeo chochote, yaani kifaa chochote cha kusomea vitabu hivyo, dakika mbili tu, kitabu mkononi, imenitoa kimyani.

Chochote? Sasa hivi naishi Kanada kwa mwanangu. Kitabu cha maktaba huingia kwenye Kindle, kisomeo cha kampuni ya Amazon, kwa walioko Marekani tu. Ng'ambo hii ya mpaka ujisumbue bure. Hilo nalipita, maana changu si Kindle.

Nilipanga foleni ya kitabu kimoja tangu Februari, zamu yangu ikafika Mei. Nikabonyeza, nikapata faili ya ACSM, nikaihamisha kwa waya. Kisomeo kimya. Nikaandikia maktaba, siku ya nne wakanijibu nizime niwashe. Nikazima, nikawasha, nikazima tena kwa hasira. Mjukuu wangu alipokuja Jumamosi akacheka: "Babu, hiki si kitabu, ni tiketi ya kuchukulia kitabu." Kumbe faili ile hufunguliwa kwanza kwenye kompyuta kwa programu iitwayo Adobe Digital Editions, ndipo kitabu chenyewe kishuke. Kikashuka, kisomeo kikakikataa, kwa kuwa kompyuta imeidhinishwa kwa akaunti ya mwanangu na kisomeo kwa akaunti yangu. Dawa yake ni kubonyeza Ctrl, Shift na D kwa pamoja ndani ya programu hiyo, ufute idhini ya zamani, uanze upya. Nani angeota hilo? Tukaanza upya. Bado kikagoma! Chaji ilikuwa imewahi kuisha kabisa, saa ikarudi nyuma, na kisomeo kikaamini tuko mwaka 2015. Tuliporekebisha tarehe kikafunguka, na ilikuwa siku ya 21, ya mwisho ya muda wa kuazima. Nimesoma kurasa tisa. Asubuhi yake muda wangu umekwisha, kitabu kimejirudisha chenyewe, na mbele yangu kwenye foleni wako watu 64.

Na hiyo foleni, ya nini? Kitabu kisicho na karatasi wala jalada la kuchanika kinangojewa kama daladala la jioni. Wenye kuchapisha wanauza leseni, si kitabu, na kwa kawaida leseni moja ni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 HarperCollins waliamua kila nakala pepe iazimwe mara 26, kisha maktaba ilipie tena. Mwaka 2019 Macmillan walizibania maktaba nakala moja tu kwa majuma manane ya kwanza ya kila kitabu kipya, wakalegeza Machi 2020. Kule shuleni kwetu kitabu kimoja kilipita mikono ya madarasa sita, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, na hakuna aliyekuja kutudai leseni. Haya yote hayamo kwenye makala yenu.

Pendekezo langu: siku 21 zianze kuhesabiwa mwazimaji akifika ukurasa wa pili. Na mwandishi wenu, kwa kuwa yeye dakika mbili zinamtosha, aje aniazimie kingine mbele ya macho yangu. Jumatano yoyote baada ya saa nane nipo, chai ya tangawizi ipo. Aje na waya wake, wangu mjukuu ameondoka nao.

Mwalimu mstaafu,
Ontario, Kanada