Barua kwa Baba Neema kuhusu goti lake

Kayole, Nairobi

Mpendwa Baba Neema,

Nakusalimu wewe na jamaa yako yote. Sisi huku hatujambo. Umeniandikia kwamba goti limepungua uvimbe na kwamba Jumatatu unarudi sokoni Marikiti kubeba magunia ya viazi, kwa kuwa mwili usiofanya kazi huota kutu. Nimelitafakari neno hilo tangu jana, nami nakubaliana na nusu yake tu.

Ni kweli kwamba kiungo huhitaji kutumika. Gegedu, ule utando mgumu unaofunika ncha za mifupa gotini, hauna mishipa ya damu, bali hupata lishe kutoka kwa ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo husambaa vizuri goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Lakini gunia si mazoezi, ndugu yangu. Afanyaye mazoezi huinua uzito kidogo, kisha huupa mwili siku ya kujijenga, ilhali sisi tulianza saa kumi alfajiri, tukainama na kuchuchumaa hadi jua kuwaka, na kesho yake tukarudi kabla misuli na kano hazijapona michubuko ya jana. Tukiwa na miaka 25 usingizi wa usiku mmoja ulitosha kulipa deni hilo. Sasa wewe una 54 na mimi 52, misuli yetu imekuwa ikipungua polepole kwa muda wa miaka ishirini hivi bila sisi kutambua, kano zimekakamaa, na zile diski za uti wa mgongo zimepoteza maji mengi, lakini gunia ni lile lile.

Lile lile nasema, kumbe hata gunia lenyewe halikuwa la haki! Kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, nawe unajua vyema lumbesi, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ulizozipokea mgongoni baada ya hapo.

Mimi kilichoniumbua ni ngazi za mjengo. Mwaka jana nilipandisha karai la zege hadi ghorofa ya nne bila shida kubwa, ila katika kushuka, ambako paja hulazimika kuuzuia uzito wa mwili wote juu ya goti lililokunjwa, nilijikuta nashuka kiubavu, mguu mmoja mmoja, nikiwa nimeshikilia fito kwa mikono miwili. Kijana aliyekuwa nyuma yangu aliniuliza kwa adabu, “Mzee, umeangusha kitu?” Nilimjibu kwamba natafuta msumari. Siku hizi hata vidole havifumbati mpini wa mwiko asubuhi mpaka niviloweke kwenye maji ya uvuguvugu.

Na zile tembe za maumivu unazonunua mbili mbili dukani, tafadhali usizifanye chakula. Dawa nyingi za aina hiyo zikitumiwa kila siku huweza kudhuru tumbo na figo, tena hunyamazisha maumivu ukabeba mzigo ambao goti lilikuwa limekwisha kuukataa.

Sikuambii ukae bure, maana najua karo haingoji. Mweleze mwenye mzigo akupe kazi ya kuhesabu na kupima, ambayo wewe unaijua kuliko vijana wake wote, na ikibidi kunyanyua, mnyanyue wawili. Mtaalamu wa viungo aliyenitazama alinifundisha kuketi kitini na kusimama bila kujishika, mara kumi, asubuhi na jioni, ili msuli wa paja upate nguvu ya kulisaidia goti. Nilimcheka moyoni, lakini baada ya wiki sita nashuka ngazi nikitazama mbele. Anza polepole, na goti likivimba upya uende kliniki. Kiti chako cha mbao cha jikoni kinafaa. Kile cha plastiki chenye mguu uliopasuka usikiguse.

Nitakuja Jumapili baada ya ibada, nikuonyeshe.

Wako wa siku zote,
Baba Faraja