Mguu mmoja ukivimba, si lazima iwe matende

Ndugu Mhariri,

Huku Pangani mtu akivimba mguu, jibu liko tayari: matende. Na kweli matende tunayo, pwani nzima ya Tanga inayajua. Lakini kaka yangu, mvuvi, aliitwa mgonjwa wa matende muda mrefu bila kuchukuliwa hata tone la damu, kumbe ana limfoma, saratani ya tezi zile zinazovimba kuwa mitoki.

Wala haikuanzia mguuni. Ulitangulia muwasho. Usiku alijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka shuka likaingia damu, na ngozi haina upele hata mmoja. Duka la dawa wakampa mafuta ya fangasi, kisha ya ukurutu. Wapo waliosema katupiwa kitu. Likaja jasho la usiku, suruali zikaanza kumpwaya, halafu mguu wa kushoto ukajaa. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Aliyetutoa gizani ni daktari kijana aliyemlaza kitandani akampapasa kinena, makwapa na shingo. Mitoki ilikuwepo, migumu kama mpira, na haimuumi. Akatueleza kwamba tezi zikivimba ndani ya nyonga hubana mishipa, maji ya mguu yakakosa njia ya kurudi juu. Kifua kikuu nacho huvimbisha mitoki, lakini hakukubali kumwanzishia dawa zake kwa kubahatisha. Alitaka tezi moja itolewe nzima ikapimwe maabara. Majibu yakatupeleka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Baada ya dripu za mwanzo za dawa ya saratani muwasho ulikatika, mguu nao ukaanza kupungua taratibu.

Sisemi kila anayejikuna ana saratani, wengi hawana. Ila muwasho usio na upele, mguu mmoja kuvimba, mitoki isiyouma wala kuisha, homa na kukonda, hayo yakikutana kwa mtu mmoja asirudishwe nyumbani na mafuta ya kupaka.

Ombi langu ni kwa Wizara ya Afya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wale tuliowazoea kwa ugawaji wa dawa za matende na mabusha, wanaingia majumbani na miguu hii wanaiona. Wafundishwe kuuliza habari za muwasho, jasho la usiku na mitoki, na wapewe fomu za rufaa za kumpeleka mtu hospitali ya wilaya bila kuzungushwa.

Msomaji wako,
Pangani, Tanga