Yule wa shingo ndefu si dinosaria jamani

Mhariri,

Salaam aleikum toka Malindi. Gazeti lenu nalipenda, sina ugomvi na nyinyi, ila juzi kwenye ukurasa wa watoto mmeweka picha ya mnyama yuko majini, shingo ndefu, makafi manne, halafu chini mkaandika ati ni dinosaria wa baharini. Hapo nikasema la, leo naandika. Yule ni plesiosauri, na plesiosauri si dinosaria kabisa, hata ukoo wao mbalimbali.

Mimi ni fundi wa kujenga tu, mambo haya sikuyasomea chuo, nayasoma kwa simu usiku watu wakishalala na mke wangu ashazoea, akiulizwa mumeo yuko wapi anasema yuko na mifupa yake. Sasa nisikilizeni vizuri niwaeleze vizuri: dinosaria walikuwa wa nchi kavu, miguu yao imesimama wima chini ya mwili, na waliobaki katika ukoo ule ni ndege, kwa hivo mkila kuku wa biriani Ijumaa mjue mnamla nani. Plesiosauri, ikthiosauri na mosasauri ni reptilia wengine waliorudi baharini, tena hawakurudi pamoja, kila mmoja na wakati wake na njia yake. Wote walivuta hewa kwa mapafu, lazima waje juu kama kasa wetu wa Watamu, lakini kasa hupanda ufuoni kutaga na hawa wenzake walizaa watoto hai huko huko majini, manake kuna ikthiosauri wamekutwa kwenye mwamba na watoto wakiwa bado tumboni.

Shingo ndio inayonimaliza mimi. Twiga na urefu wake wote ana pingili 7 za shingo, sawa na mimi na wewe mhariri, na Elasmosaurus, plesiosauri mmoja wa Marekani, alikuwa nazo zaidi ya 70! Mtaalamu mkubwa Edward Drinker Cope mwaka 1868 alimpanga yule mnyama na kichwa akakiweka mwisho wa mkia. Walipomwambia akaanza kukimbizana na nakala alizochapisha, anazinunua azifiche. Sasa kama Cope alikosea kichwa na mkia, nyinyi wa kapsheni nawasamehe.

Na msidhani elimu hii ni ya maprofesa peke yao. Uingereza kule Lyme Regis kulikuwa na msichana anaitwa Mary Anning, babake seremala, maskini, wanaokota mawe ya pwani kuuzia wageni. Mwaka 1811 kakake aliona fuvu la ikthiosauri, mwaka uliofuata Mary akaupata mwili, na alikuwa mtoto wa miaka 12 au 13 hivi. Mwaka 1823 akapata plesiosauri mzima, na Georges Cuvier wa Ufaransa, bingwa wa mifupa wa dunia nzima wakati ule, akasema hii shingo ndefu mno, itakuwa imeghushiwa. Haikuwa imeghushiwa. Chama cha wanajiolojia cha London hakikumpa Mary uanachama kwa sababu ni mwanamke, ila mawe yake waliyanunua vizuri tu.

Mosasauri naye alitolewa na wachimba mawe, wenzangu hao, kwenye machimbo ya Maastricht kule Uholanzi karne ya 18. Walitoa taya lenye meno ya kutisha, wengine wakasema mamba, wengine wakasema nyangumi, mpaka Cuvier (hapo alipatia) akakubali kuwa ni jamaa wa kenge. Kenge, mhariri! Huyu huyu anayetuibia mayai ya kuku, ila mosasauri urefu wake ulipita mita 12 na kwake ni baharini. Mtoto wa Malindi ukimwambia hivo atakumbuka mpaka azeeke, ukimwambia dinosaria wa baharini atasahau kabla ya chai.

Na hapa ndo hasa nilipotaka kufika. Picha zenu zote ni za Ulaya na Marekani kana kwamba huku kwetu hakuna kitu. Mimi nikipasua jiwe kazini nakuta simbi, nakuta tumbawe na vile viduara vyake kama limekufa jana. Mwamba huu wa ufukweni kwetu ulikuwa mwamba wa matumbawe hai miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, na watu wanaenda Lamu kupiga selfi wameegemea kuta za Mji wa Kale zilizojengwa kwa jiwe hili bila kujua mgongo wao uko juu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe. Magofu ya Gede vile vile. Kweli hivyo ni vya juzi tu ukilinganisha na plesiosauri, lakini mkitaka vya zamani hasa shukeni Mombasa, kuna miamba ya enzi ya Jurasiki, wakati wa dinosaria, na ndani yake wamo amonaiti, hawa jamaa za pweza na ngisi wenye gamba la kujiviringa, waliokuwa wakiishi bahari moja na enzi moja na hao ikthiosauri.

Halafu kuna silakanti. Samaki huyu wataalamu walimjua kwenye mawe tu wakadhani alikwisha pamoja na dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, mwaka 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini, dunia ikashangaa, na mwaka 2001 trola ikamvua mwingine nje ya bahari yetu hapa hapa Malindi. Nendeni Makumbusho ya Malindi mkamuone. Ukoo wake uliogelea na plesiosauri na bado upo, hajawahi kutokea kwenye ukurasa wenu wa watoto hata siku moja.

Hata huko Turkana, jangwani, mwaka 1964 kulipatikana nyangumi wa miaka milioni 17, mamia ya kilomita toka baharini! Tena kisukuku chenyewe kikapotelea Marekani kwenye stoo za makumbusho mpaka 2011. Nyangumi anapoteaje mimi sijui, lakini stori kama hiyo si inatosha ukurasa mzima?

Kwa hivo ombi langu, wekeni kijisafu kidogo kila wiki cha viumbe wa kale wa bahari yetu, na muwaambie watoto kuwa wakiona jiwe lenye mfupa au alama ya ajabu wasilipige nyundo wala wasimuuzie mgeni, wapige picha, waache palepale, watoe habari makumbusho, manake kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 na kuchimba visukuku kunataka leseni. Hilo likitoka kwa herufi kubwa nitaridhika hata msiporekebisha kapsheni.

Lakini rekebisheni.

Fundi mwashi na mpenda mifupa,
Malindi