Jina la mmea halitoshi, tuambieni kilichomo chupani

Mhariri,

Safu za afya zimezoea kuyaita mafuta ya kunukia ya mimea "viondoa sumu", na jina hilo ndilo linalovuruga mambo. Maabara haipimi uondoaji wa sumu. Inapima uwezo wa kuzuia oksidesheni, yaani molekuli fulani kuipa radikali huru (chembe yenye elektroni isiyo na mwenza) atomi ya hidrojeni na kuituliza kabla haijaipokonya kwingine. Uwezo huo ni wa molekuli, si wa mmea. Kwa hiyo mwandishi akitoa takwimu, ataje pia kilichomo chupani na namna kilivyopimwa.

Mafuta ya karafuu huwa na yujinoli kiasi cha asilimia 70 hadi 90. Yujinoli ni fenoli, yaani ina pete ya kaboni iliyobeba oksijeni yenye hidrojeni, na hidrojeni hiyo hutoka kwa urahisi. Ndiyo maana karafuu hushika nafasi za juu kwenye majedwali mengi. Mafuta ya mkaratusi ya daraja la dawa hufikisha asilimia 70 ya sineoli au zaidi, lakini sineoli si fenoli, na kwenye kipimo kile kile huonekana dhaifu. Yote mawili yananukia kwa nguvu, kwa hiyo pua si shahidi. Hata mmea mmoja una sura nyingi: kuna thaimu ya timoli, ya karvakroli, ya linaloli na ya jeranioli, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Rozmari ndiyo inayowapiga chenga wengi. Sifa yake ya kuzuia mafuta yasichache inatokana hasa na asidi ya karnosiki na ya rosmariniki, nazo hazipandi na mvuke unaotumika kukeneka mafuta. Hubaki na makapi mtunguni. Utafiti wa dondoo la majani, basi, haushuhudii lolote kuhusu mafuta.

Sasa ile namba inayopendwa, IC50. Mara nyingi hupatikana kwa DPPH, unga wenye radikali tulivu ambao kwenye methanoli hutoa rangi ya zambarau iliyokolea. Pima miligramu 3.9, yeyusha kwenye mililita 100 za methanoli. Chukua mililita 3 za rangi hiyo, ongeza mililita 1 ya mafuta yaliyozimuliwa kwa methanoli, weka gizani dakika 30, kisha soma kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwa mwanga wa nanomita 517. Zambarau ikififia kuelekea njano, radikali zimetulizwa. Mrija usio na mafuta ukisoma 0.80 na wenye mafuta 0.32, uzuiaji ni asilimia 60. IC50 ni ukolezi unaofikisha asilimia 50, hivyo namba ndogo ndiyo kali. Wapo wanaoisoma kinyume.

Makosa hujificha kwenye uzimuaji. Mmoja huandika ukolezi wa mafuta kabla ya kuchanganya, mwingine baada ya kuchanganya. Kwa vipimo vya hapo juu tofauti ni mara 4, na mafuta yale yale yanakuwa makali au hafifu kwa kalamu tu. Anayezimua kwa maji hupata ukungu wa matone. Ukungu hutawanya mwanga, mashine husoma juu, mafuta yanaonewa. Dakika 30 nazo si msahafu, kwani baadhi ya fenoli hufanya kazi polepole na usomaji huendelea kushuka. Bila kipimo cha rejea, yaani Troloksi (jamaa ya vitamini E inayoyeyuka majini) au vitamini C, kilichopimwa siku hiyo hiyo, namba haina wa kulinganishwa naye.

Kilichomo chupani husomwa kwa kromatografia ya gesi, inayotenganisha molekuli moja moja, iliyounganishwa na spektromita ya masi, inayozivunja na kupima uzito wa vipande. Uvivu uliozoeleka hapa ni kuamini jina la kwanza linalopendekezwa na kompyuta. Timoli na karvakroli zote zina uzito wa molekuli wa 150 na huvunjika vipande vinavyokaribia kufanana. Kinachozitenganisha ni muda wa kutoka kwenye mashine, timoli ikitangulia. Muda huo ulinganishwe na wa mfululizo wa alkani (minyororo ya kaboni na hidrojeni ya urefu unaojulikana) zilizopitishwa kwenye mashine ile ile kwa joto lile lile. Na asilimia zinazoandikwa kwa kawaida ni za eneo la vilele vya mchoro unaotolewa na mashine, si za uzani.

Radikali ya DPPH haimo mwilini mwa mtu, kwa hiyo matokeo ya mrija si ruhusa ya kumeza. Mililita chache za mafuta ya mkaratusi zinaweza kumletea mtoto degedege.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hulinyamazia: mafuta yenyewe huoksidika. Limonini na linaloli zikikutana na hewa huzaa haidroperoksidi zinazochokoza ngozi na kuleta mzio. Kausha mafuta kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji, jaza chupa ya kahawia hadi karibu na shingo, weka kwenye nyuzi 4, na andika tarehe ya kukenekwa. Yakipungua hadi nusu, yahamishie kwenye chupa ndogo.

Wakemia wa mafuta ya mimea