Barua ya wazi kwenu mnaosafiri mkiwa mmeshanuna

Wanangu na wajukuu zangu,

Wiki mbili nzima nimekuwa nikijiuliza niandike au ninyamaze. Kunyamaza kumenishinda. Barua hii ni yenu mliokuwa kambini, ila nimeiacha wazi kwa sababu najua ugonjwa huu hauko kwenu peke yenu.

Mlipiga kura wenyewe kwenye kikundi chenu cha WhatsApp. Wengi wakachagua mahema kando ya ziwa, usiku nne. Wachache waliotaka hoteli wakabembelezwa: "Jaribuni tu mara moja." Wakakubali. Mmoja wao, ambaye simtaji kwa kuwa nampenda, alifika pale na hakuvua hata viatu. Akafungua kiti chake na kukigeuza, mgongo ukaelekea ziwani, uso ukaelekea magari. Kila aliyepita mbele yake alisikia msonyo. Jioni ile mtoto wa miaka sita akamkimbilia, tochi mkono mmoja, mkono wa pili umefunika chura asiruke. "Mjomba, tazama!" Mjomba hakuinua macho kwenye simu. "Mimi sipendi mambo haya," akasema. Nilimwona mtoto akifungua kiganja polepole. Chura akaondoka, naye akabaki amesimama pale, tochi inamulika mchanga.

Usiku wa pili mvua ikanyesha. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa bondeni, maji yakaingia. Watu wametoka nje wamelowa, wanahamisha magodoro gizani, na bado tulikuwa tunacheka. Ndipo ikasikika sauti kutoka ndani ya gari: "Si niliwaambia?" Maneno hayo mawili yalifanya kazi ambayo mvua ilikuwa imeshindwa kuifanya. Kicheko kikakatika. Kabla hakujapambazuka nusu yenu mlikuwa mnafunga mizigo.

Nasema hili bila kupepesa: aliyeharibu safari ile si mvua.

Kutopenda si kosa. Mtu ana haki ya kusema, "Mimi na mahema hapana," akabaki nyumbani, na mtu asimseme. Kosa ni kusema "nakuja" halafu ukaleta mwili peke yake. Ukikubali kujaribu, jaribu. Vua viatu. Beba kuni. Uliza kamba inafungwaje. Mtu anayekaa pembeni siku mbili akisubiri ushahidi kwamba alikuwa sahihi hajajaribu kitu chochote. Amekuja kusimamia kesi yake, na kesi ya namna hiyo haikosi shahidi, maana mbu wapo, jua lipo na choo kiko mbali.

Tena sisi binadamu ni wabaya mno wa kubashiri mioyo yetu. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, wamelichunguza jambo hili miaka mingi, na wanaeleza kwamba tukijaribu kukisia jambo lijalo litatufanya tujisikieje, mara nyingi tunazidisha ukali wa hisia hizo na muda zitakaodumu. Tunaliona lile moja tunalolichukia, tunasahau kwamba siku ina saa nyingine nyingi. Unayeogopa kulala chini unauwazia mgongo wako tu. Huiwazii asubuhi ukungu unapoinuka juu ya maji, kwa sababu hujawahi kuiona.

Nayajua haya kwa machungu yangu mwenyewe. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alitamani maisha yake yote kusafiri kwa meli ya matembezi. Mimi sikutaka hata kusikia. Kufungiwa majini na maelfu ya watu, kengele ya chakula, muziki kila kona! Nikakubali ili yaishe. Siku saba. Siku tatu za kwanza karibu muda wote nilikaa chumbani nimekunja uso, na aliponiita sitahani nilijibu kwamba bahari naiona dirishani. Siku ya nne kichefuchefu kilinitoa nje kwa nguvu. Mhudumu mmoja akanipeleka katikati ya meli, sitaha ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo, akaniambia nitazame mstari wa upeo wa macho nisiuachie. Sikio la ndani linasema tunayumba, macho yakiwa chumbani yanasema tumetulia, na mgongano huo ndio unaomchafua mtu tumbo. Nikatazama. Nikakaa pale saa mbili. Jua likazama nikiwa bado natazama, na bibi yenu amesimama kando yangu, hasemi kitu.

Tangu jioni ile nilitoka kila siku. Foleni za chakula sikuzipenda hadi mwisho, na muziki nauchukia hadi leo. Lakini usiku juu ya sitaha ya nyuma, taa zikiwa chache, ile njia nyeupe ya povu inayobaki nyuma ya meli... ningerudi kesho kwa ajili ya hiyo tu.

Ila siku zile tatu hazirudi. Kuna picha aliyopigwa siku ya pili, meli ikitoka bandarini. Yeye anacheka, kilemba kimepeperushwa na upepo. Mimi nyuma yake naangalia saa. Aliiweka picha hiyo sebuleni miaka yote wala hakuwahi kunilaumu, na kutonilaumu huko ndiko kunakoniuma.

Kwa hiyo ninaposema kununa ni wizi, namaanisha wizi. Unamwibia mwenzako siku aliyoisubiri, na yeye hana pa kwenda kuidai.

Jambo la pili ni la kuondoka mapema. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alifanya jaribio na wenzake: watu watumbukize mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wafanye vilevile, kisha waongezewe sekunde 30 maji yakipandishwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi wakachagua lile refu, ingawa lina maumivu zaidi kwa jumla. Kumbukumbu haihesabu dakika. Inashika kilele cha jambo na mwisho wake. Sasa ninyi mliofunga mizigo usiku wa mvua mmejichagulia mwisho gani? Mtakumbuka kambi kuwa ni tope na giza. Sisi tuliobaki tuliona jua la siku ya tatu, tukaanika kila kitu kwenye matawi, watoto wakaogelea mpaka midomo ikatetemeka. Ukitaka kuondoka, ondoka asubuhi njema. Usiondoke katikati ya baya.

Mengine nayataja tu. Siku ya kwanza usiihukumu, maana hiyo ni ya uchovu wa njia. Hema lisimamishwe mahali palipoinuka. Chini ya godoro tandika kitu, kwa sababu ardhi inanyonya joto la mwili kuliko hewa ya juu yako. Chagua safari fupi ya kujaribia, usianze na wiki mbili. Mweleze mwenzako mapema ni kitu gani hasa unachokichukia, kwa kuwa mara nyingi ni kimoja tu na kina dawa.

Na ninyi mnaobembeleza wengine nanyi sikilizeni. Kuna "sipendi", kuna "naogopa", na kuna "siwezi", na haya si ndugu. Anayesema sipendi anaweza kujaribu. Anayeogopa maji hatupwi majini ili azoee. Anashikwa mkono, na akikataa anaachwa. Asiyeweza haombwi hata mara moja. Mtu mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu anayekataa kupanda mlima anajua anachosema: kuanzia mita 2,500 hivi hewa nyembamba huweza kumwangusha hata kijana mwenye afya. Nimewasikia mkiita tahadhari woga. Acheni.

Lipo pia hili la zama zenu, ambalo linanikasirisha kuliko vyote. Likizo imekuwa maonyesho. Mtu anachagua mahali kwa kuangalia picha itakavyotoka, halafu akifika akakuta mahali hapafanani na picha, ananuna. Mnajua likizo ilipatikanaje? Wafanyakazi wa Ufaransa walipata wiki mbili zenye malipo mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba wa likizo yenye malipo, na kiwango chake kilikuwa siku sita tu za kazi kwa aliyemaliza mwaka mmoja. Siku sita! Ilipofika 1970 ndipo mkataba mpya ulipotaja wiki tatu. Na mpaka leo kuna mamilioni ya watu, wauza sokoni, wajakazi wa majumbani, vibarua, ambao wakipumzika siku moja hawali siku hiyo. Jamii inayowaacha hivyo ina deni. Nanyi mliojaliwa siku hizo mnazitumia kukaa ndani ya gari, mmefunga vioo.

Nimesema kwa ukali. Kelele hizi ni za anayewapenda, na anayewahesabia miaka, kwa kuwa sijui safari ngapi za pamoja zimebaki tukiwa wote.

Nimeona mmeshachagua safari ijayo: hoteli ya ufukweni, kila kitu kimelipiwa, siku tano za kulala kando ya bwawa la kuogelea. Hiyo ndiyo aina ya likizo nisiyoielewa kabisa. Kulala mchana kutwa kama mgonjwa, na vinywaji kuletewa! Hata hivyo nimeandika jina langu, na nitakaa siku zote tano.

Nina ombi moja. Yule mwenzenu wa kwenye gari, ambaye najua hoteli ni fani yake, awe jirani yangu kwenye vile viti virefu. Anifundishe mtu anafanya nini pale kuanzia asubuhi hadi jioni. Na yule mtoto wa chura naye aje, akae katikati yetu.

Babu yenu