Malalamiko Kuhusu Kitabu cha Nyimbo za Kijapani Kilichopangwa Upya Bila Idhini Yangu

Kwa Meneja,
Kampuni ya Uchapaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPANGULIWA KWA NYIMBO KATIKA KITABU CHANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya kazi mnayajua kuliko mimi. Yamebandikwa ukutani nyuma ya kaunta, na la tatu linasema kazi ya mteja haibadilishwi baada ya mteja kuweka sahihi. Sahihi yangu ipo kwenye kila ukurasa wa nakala ya mwisho, kurasa 164. Kwa heshima zote, naomba kujua ni nani aliyezikalia nyimbo zangu 138 akazipanga upya kwa kichwa chake.

Nilizipanga kwa silabi ya kwanza ya jina la wimbo, kama zinavyopangwa Japani: a, i, u, e, o, halafu ka, ki, ku, ke, ko, halafu sa, shi, su, se, so, hivyo hivyo hadi safu ya wa. Nyinyi mmenikabidhi A, B, C, D. Chi mmeipeleka kwenye C, wakati kwa Mjapani chi na tsu ni ndugu wa ta, te na to, hawatengani. Fu mmeipa F yake peke yake, wakati makao yake ni safu ya ha, kati ya hi na he. Ga haina safu yake kabisa, hutafutwa humo humo kwenye ka, maana katika hiragana, yaani herufi za Kijapani za silabi, ga ni ka iliyoongezewa vistari viwili. Kitabu sasa kina sura za C, F, G na J, na mzee wa Kijapani anayetafuta wimbo hawezi hata kufikiria kuzifungua. "Furusato", wimbo wa kukumbuka kijiji ulichokulia, ulioingia kwenye vitabu vya shule vya Japani mwaka 1914, mtu ataukosa kabisa, afunge kitabu akidhani haumo.

Ijumaa nilipokuja kuuliza haya kwa upole, kijana wenu wa mapokezi alikivuta kitabu, akakifungua mbele ya wateja waliokuwa kwenye foleni, akasema kwa sauti: "Mama, hata mtoto wa chekechea anajua ni a, e, i, o, u. Wewe umeandika a, i, u, e, o. Sisi tumekusaidia." Watu wakacheka.

Ndugu Meneja, mimi pia nilisoma a, e, i, o, u na ba, be, bi, bo, bu nikiwa darasa la kwanza, na wanafunzi wangu wote hujikwaa hapo hapo wiki ya kwanza ya Kijapani. Ndiyo maana utangulizi wa kitabu, ukurasa wa 3, unaeleza jambo hilo kwa Kiswahili chepesi. Mpangilio wa Wajapani haukutupwa tu kama kete. Chimbuko lake ni elimu ya sauti ya Wahindi iliyofika kwao pamoja na maandiko ya Kibudha, na ukiutamka taratibu utasikia sauti inatoka ndani na kuja nje: ka iko nyuma ya kinywa, ta na na ziko kwenye ncha ya ulimi, ma iko midomoni. Aliyepangua kitabu changu alikuwa na ukurasa huo mbele ya macho yake. Angeusoma, tusingefika hapa.

Tena hakuishia kwenye kupangua. Chini ya kila jina niliweka mstari mdogo wa hiragana unaoonyesha jinsi kanji, yaani zile alama zenye asili ya Kichina, zinavyosomwa. Mstari huo umefutwa wote, nikaambiwa ni kwa ajili ya kubana nafasi. Kanji mbili za neno "kesho" zinaweza kusomwa asu, ashita au myōnichi. Mbili za mwanzo hutafutwa kwenye a, ya tatu kwenye safu ya ma. Bila usomaji, mtu atajuaje aende wapi? Kazi hiyo ilinichukua miezi minane, usiku baada ya vipindi. Mmeifuta kwa siku moja.

Na lile la ukurasa wa 121 sitalinyamazia. Mimi niliandika "Ue o Muite Arukō", maana yake nitembee nikitazama juu, yaani machozi yasidondoke. Ndivyo Kyu Sakamoto alivyouimba mwaka 1961, na nafasi yake ni u. Nyinyi mmelifuta jina hilo mkaandika "Sukiyaki" na kuliweka kwenye S. Sukiyaki ni chakula cha nyama kinachopikwa mezani, na katika wimbo ule hakitajwi hata mara moja! Ni jina ambalo wauzaji wa santuri wa nchi za Magharibi waliubandika ili watu wao waweze kulitamka, na kwa jina hilo ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Juni 1963. Mwimbaji mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege ya Agosti 12, 1985. Wazee wa kule wanapouimba wengine hufuta macho. Mimi niwapelekee wimbo huo umeandikwa jina la nyama?

Maana nakala 60 kati ya 200 zilikuwa za Kobe, mji wa Japani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikofanya kazi miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani. Hili mlilijua, liko kwenye fomu ya oda, na mwenzangu aliyekuwa azibebe alisafiri Jumatano akiwa na begi nusu tupu. Kulikuwa na bibi mmoja pale ambaye alishaanza kusahau majina ya wanawe. Kanji zilikuwa zimemtoka. Lakini ukimwambia "leo tunaimba nini, bibi?" alikuwa akinong'ona silabi moja tu, ko, kidole kinashuka chenyewe kwenye ka, ki, ku, ke, ko, hadi kinausimamia "Kōjō no Tsuki", wimbo wa mwezi juu ya magofu ya ngome, aliotunga Rentarō Taki mwaka 1901. Kila kitu kilikuwa kinamponyoka, ule mpangilio ulibaki, kwa sababu aliukariri akiwa mtoto. Ndio mliounyofoa.

Nirudi kwenye Ijumaa ile, kwa sababu nadhani hamkuelezwa yote. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwanafunzi wangu, binti wa miaka kumi na tisa, aliyenisaidia kubeba boksi. Nilisema, "Samahani kaka, naomba tuangalie nakala niliyoweka sahihi." Hakuiangalia. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga duara kwenye yaliyomo ya kitabu changu, kitabu nilichokwisha kukilipia, akakigeuza ili foleni yote ione, kisha akasema, hata mtoto wa chekechea anajua ni a, e, i, o, u. Nikajaribu kueleza. Akanikatiza: "Sasa wewe ni mwalimu wa nini?" Hapo ndipo walipocheka. Mwanafunzi wangu aliinamisha kichwa. Njia nzima hadi kituo cha daladala hakunitazama usoni, na mimi sikuwa na neno la kumwambia.

Duara lile jekundu bado lipo. Nimelipiga picha na nimeliambatisha, pamoja na risiti ya shilingi 2,600,000 na kurasa tatu za nakala yenye sahihi.

Nilipoanza kuandika barua hii nilitaka jambo moja tu: mchapishe upya nakala 200 kwa gharama zenu, kwa faili langu kama lilivyo, pamoja na mistari ya hiragana. Hilo bado nalitaka. Lakini nikikumbuka simu nne nilizopiga Jumamosi na Jumatatu zikapokelewa kwa "subiri kidogo" na kukatwa, naona haitoshi. Nakala 60 za Kobe mtazisafirisha nyinyi, kwa gharama zenu. Na kijana yule ataniomba radhi pale pale kwenye kaunta, siyo ofisini kwenu mlango ukiwa umefungwa, na mwanafunzi wangu akiwepo.

Nawapa siku kumi na nne tangu mpokee barua hii. Siku ya kumi na tano sitataka tena mchape chochote. Nitataka fedha zangu zote, na malalamiko yangu yatakuwa mezani kwa Tume ya Ushindani pamoja na picha ya duara. Ndugu yangu mmoja ni wakili na ameshaisoma risiti. Walimu wa lugha wa jiji hili tunafahamiana, na wengi wanachapa vitabu vyao kwenu.

Maboksi ya vitabu yako sebuleni kwangu, sijafungua zaidi ya moja. Njooni myachukue kwa gari lenu.

Wenu,

Mwalimu wa Kijapani,
Sinza.