Somo, usiitoe kwanza ile kompyuta ya zamani

Isevya, Tabora
Desemba 14

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo. Mvua zimeshika, maembe yanadondoka yenyewe uani, na watoto wakitoka huko nje hawataki tena kusikia habari ya chakula cha mchana. Migebuka uliyotutumia ilifika salama, imekauka vizuri, na hivi ninavyoandika imebaki miwili tu. Ahsante sana, mikono yako isichoke.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema kijana amekununulia laptop, kwamba Jumamosi ijayo fundi anakuja kuhamisha nyimbo, na kwamba ataondoka na ile kompyuta ya mezani kama sehemu ya malipo yake. Nakuomba, somo, huyo fundi asiondoke nayo. Mlipe fedha, na kama huna nitakukopesha mimi, lakini kompyuta ikae hapo hapo ilipo mpaka uwe umesikiliza nyimbo zako kwenye mashine mpya kwa wiki mbili au tatu. Mimi yalinikuta mwezi wa nane, na kama ya zamani ingekuwa imeshaondoka ningelia mpaka leo.

Unajua nyimbo zangu zilivyokuwa. Zile za kaseti nilizoziingiza mwenyewe, moja moja, redio kaseti imeunganishwa na kompyuta kwa waya, nimekaa na kalamu nangoja upande A uishe. Kisha zile alizoniletea kaka kwenye CD, na nyingine za kununua. Jumla nyimbo 7,312, kama gigabaiti 38 hivi. Nyingi zilikuwa kwenye diski D, ndani ya folda niliyoiita Muziki, na nyingine zimetawanyika kila mahali jinsi watoto walivyozidondosha. Programu ya kuzipanga na kuzipiga ni iTunes, ile ile uliyonifundisha wewe.

Nilipopata laptop nilijiambia kazi ni rahisi, ni kukopi na kupesti. Flashi yangu ni ya gigabaiti 16, kwa hiyo nikahesabu safari tatu. Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Kabla ya ile ya pili binti akaichukua flashi kwenda kuchapisha kazi ya shule dukani, ikarudi na virusi. Nikaiweka kwenye kompyuta nikaona folda zangu zote zimegeuka kuwa vialama vidogo vyenye kamshale, kila kimoja kilobaiti moja au mbili. Moyo ulinishuka. Kumbe nyimbo zilikuwamo zote, virusi huzificha tu. Likikukuta hilo usifomati flashi na usibonyeze vile vialama. Pitisha kwanza kinga ya virusi, kisha fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa F. Folda zitajitokeza. Baada ya hapo nikaachana na flashi, nikaazima diski ya nje kwa mwalimu jirani.

Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Kwa haraka zangu, badala ya kukopi, nikakata. Nilitaka nafasi ipatikane huku huku zinahamia kule. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi usiku nikakuta nusu ya nyimbo ziko huku na nusu ziko kule, na nyimbo sita hazikuwa nzima upande wowote. Moja ilikuwa inapiga gitaa la solo linapanda, linapanda, halafu kimya. Nne nimezirekodi tena kutoka kwenye kaseti. Mbili sijazipata, maana utepe wa kaseti ile ulishaliwa na mashine miaka mingi. Kwa hiyo mwambie fundi, na umsimamie: ni kukopi, si kukata. Kufuta ni kazi ya siku nyingine kabisa.

Sasa nikuambie jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Nyimbo zilipofika zote kwenye laptop nikaifungua iTunes mpya nikaionyesha folda. Ikazivuta zote. Majina ya waimbaji yapo, majina ya bendi yapo. Nikafurahi. Nikatazama upande wa kushoto nitafute ile orodha yetu, Usiku wa Reli. Haipo. Hakuna orodha hata moja. Hesabu ya mara ngapi kila wimbo umepigwa, sifuri. Tarehe ya kuingia, zote siku ile ile ya mwezi wa nane, kana kwamba miaka yote ile haikuwahi kuwepo.

Somo, unaikumbuka ile wiki ya mvua ulipokuwa hapa kwangu? Umekaa kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka, tunapanga nyimbo 43 kama treni inavyokwenda. Tukaanzia hapa Tabora na Kiko Kids wa Salum Zahoro, wakafuata Tabora Jazz na Nyanyembe. Tukashuka Morogoro kwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Tukaingia Dar es Salaam na Western Jazz, maana ulisema hao ni wa kwetu wa magharibi waliotangulia mjini, kisha NUTA, na mwisho Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, alfajiri. Tulibishana siku nzima kama Mbaraka apige kabla ya Salum Abdallah au baada yake. Mpangilio ule hakuna kompyuta inayoweza kuubuni. Haufuati alfabeti wala mwaka. Uko kichwani mwako na mwangu, na ndani ya kifaili kimoja.

Hicho kifaili ndicho fundi wako anaweza kukisahau, kwa sababu hakina muziki ndani. Kinaitwa iTunes Library.itl, na kwa kawaida kinakaa kwenye diski C, ndani ya folda ya muziki ya mwenye kompyuta, kwenye folda ya iTunes. Jina la wimbo na la mwimbaji huandikwa ndani ya wimbo wenyewe, kwa hiyo hivyo husafiri pamoja nao. Lakini orodha, nyota ulizotoa, hesabu ya kupigwa, na tarehe ya kuingia, vyote vimo katika kifaili hicho. Ukihamisha nyimbo peke yake umehamisha vyombo ukaacha daftari la nyumba.

Nikakifuata, nikakikopi kwenye laptop. Orodha zote zikarudi, Usiku wa Reli ikiwa ya kwanza! Nikabonyeza wimbo wa kwanza, haulii. Kando ya jina pametokea alama ya mshangao. Wa pili hivyo hivyo. Nikakaa nikaitazama ile safu ya alama za mshangao ikijaa kutoka juu kwenda chini. Nilimwita yule mwalimu mwenye diski, akanielewesha kwa utulivu. Programu haihifadhi wimbo, inahifadhi anwani yake. Kifaili kinasema wimbo huu uko D, ndani ya Muziki. Laptop yangu haina D, ina C peke yake. Ni sawa na kumtuma mtu Ujiji akutafute kwenye nyumba uliyokwisha kuihama.

Dawa yake ni kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya zamani kabla ya kuhama. Ilinibidi nizirudishe nyimbo zote kwenye D, mahali pale pale zilipokuwa, na programu ikazitambua. Kisha ukienda kwenye menyu ya faili, sehemu ya maktaba, kuna amri ya kuipanga, na ndani yake kuna kisanduku kilichoandikwa “Consolidate files”. Ukikitia alama, programu inapita kila kona ya kompyuta, inakopi kila wimbo ulio kwenye orodha zake na kuuweka ndani ya folda yake moja, huku ikiandika upya anwani. Zile za mwanzo haizigusi, kwa hiyo inahitaji nafasi. Nilifuta filamu za watoto nikapata gigabaiti 45 kwenye C, wakanuna siku mbili. Ikiisha, funga programu kabisa, ndipo ukopi folda nzima ya iTunes, kifaili na nyimbo pamoja, kwenda kwenye diski ya nje, na kutoka hapo kwenda kwenye folda ya muziki ya laptop. Kifaili kikikaa jirani na nyimbo zake hivyo, hakijali tena herufi ya diski.

Kwenye laptop usiifungue iTunes kwa kubonyeza tu. Shikilia kitufe cha Shift kwanza, ndipo uifungue. Itakuuliza unataka maktaba ipi. Ielekeze kwenye hiyo uliyoleta. Kama kuna nyimbo ulizonunua humo humo, iidhinishe laptop kwa akaunti yako ili zipige. Inakubali kompyuta tano, na ile ya zamani uiondoe idhini siku utakapoitoa.

Kabla hujasema imekamilika, bonyeza folda kwa upande wa kulia wa mausi, huku na kule, utazame idadi ya mafaili na ukubwa wake kwa baiti. Tazama ukubwa wenyewe, si ile nafasi iliyochukuliwa kwenye diski, kwani hiyo ya pili inaweza kutofautiana hata kama kila kitu kimefika. Yangu yalilingana mpaka tarakimu ya mwisho. Kazi yote ya diski ya nje ilichukua kama saa moja na nusu kwenda na kurudi. Na safari hii niliifanya saa tisa usiku wakati umeme hautikisiki, laptop ikiwa na betri iliyojaa.

Nilipata na faida moja ambayo sikuitegemea. Kwa kuwa nilikuwa napitia kila kitu, niliona jinsi majina yalivyo ovyo. Tabora Jazz, Tabora Jaz, na Tabora Jazz Band zilikuwa bendi tatu. Kuna nyimbo za Sikinde za kaka ambazo mwimbaji ameandikwa “Mlimani Park Orchestra wana Si”, basi. Nilidhani mtu alichoka kuandika. Kumbe mtindo wa zamani wa kuandika majina ndani ya mafaili ya nyimbo ya MP3 ulitoa nafasi ya herufi 30 tu, pamoja na mapengo, na herufi ya 30 iliangukia hapo. Nimekaa jioni nyingi nikirekebisha, na niliona raha sana. Watu hawa walirekodi kwa taabu, wengi wao hawakupata chochote cha maana, angalau majina yao yaandikwe kwa ukamilifu.

Usiku wa Reli sasa inapiga kwenye laptop kama ilivyokuwa. Wimbo wetu wa tisa umepigwa mara 112, hesabu haikupungua hata moja. Juzi mvua ilinyesha nikaiweka kuanzia mwanzo, na ilipofika pale Morogoro nikakukumbuka sana, kwa sababu sasa nakubali kwamba ulikuwa na haki, Salum Abdallah ndiye anayestahili kutangulia.

Barua hii inakuja na shemeji, anapanda treni ya Kigoma. Amebeba dumu dogo la asali na kifurushi cha matobolwa. Ndani ya bahasha ya kaki kuna flashi, nimeisafisha virusi. Humo nimekuwekea zile nyimbo 43, na kila jina nimelianza kwa namba, 01 mpaka 43, ili hata redio ya gari au ile ya sebuleni kwako izipige kwa mpangilio wetu bila iTunes. Usiifute ile sifuri ya mbele, kwani redio nyingi bila hiyo hupiga ya 10 mara baada ya 1.

Kuna na wimbo wa 44 ambao haumo kwenye orodha. Ni ule wa upande B wa kaseti ya kaka, nilioupa jina Bila Jina 3 kwa sababu karatasi ya kaseti ililowa. Sauti mbili za kiume, tarumbeta inaingia mwishoni, na kabla hawajaanza kuna mtu anakohoa. Mpelekee mjomba wako hapo Ujiji, umuwekee spika karibu na sikio la kulia analosikia vizuri. Akiijua bendi, nitumie jina lake kwa simu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kompyuta nitaiacha wazi.

Nisalimie wote, na kijana mwambie ahsante kwa niaba yangu.

Ni mimi,
Somo yako wa Isevya